Fizio ya balansi kwa sisi wenye MS hapa Dar, inalipa au hailipi

Nianze na jibu kwa wenye haraka: inalipa, ila sio kwa zile sababu wanazotangaza wenye kliniki. Kwenye tangazo lao wameweka mipira mikubwa ya rangi, ubao wa kuyumbayumba, skrini ukutani, ukiona unadhani uponyaji uko kwenye vile vifaa. Mi nimeanza kwenda pale kabla ya masika na sa hivi ni kipupwe, na nakwambia ukivitoa vyote mle ndani ukabakiza ukuta, kiti, kipande cha sponji na yule fizio mwenyewe, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, huduma inabaki ile ile. Unacholipia ni jicho lake. Jina la kliniki silitaji mana kuna sehemu nitawasema na sina hamu ya kesi, ila ni maeneo ya Mikocheni, chumba kimoja kikubwa ghorofa ya kwanza, na hiyo ghorofa tutaifikia.

Kwa asiyeijua MS, yani multipo sklerosisi, ni kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka inaanza kushambulia ganda la mafuta linalofunika neva za kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka taarifa zinaenda taratibu, nyingine hazifiki kabisa. Hesabu ya dunia ya 2020 ilisema tupo kama milioni 2.8 na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, ila huku kwetu tuliogunduliwa ni wachache kiasi kwamba ukimwambia mtu mtaani una MS anasikia stroku, au anakushauri uende kwa mtaalamu wa upande ule mwingine. Na ukipepesuka saa nne asubuhi mbele ya duka la Mangi watu wanajua umekunywa. Hiyo nimeizoea.

Shida yangu kubwa mimi sio maumivu, ni balansi. Natembea vizuri tu, naongea na simu, afu mtu ananiita kwa nyuma nageuka na ukuta unanipokea. Tafiti za wenzetu nje zinaonyesha zaidi ya nusu ya watu wenye MS wanaanguka angalau mara moja ndani ya miezi mitatu mpaka sita, kwaiyo sio mimi na wewe tu, na sio uzembe.

Sasa huduma yenyewe. Siku ya kwanza hakuna mazoezi, ni vipimo, na hapo ndo walinishika. Mana nilikotoka, hospitali moja kubwa tu, nilipewa karatasi ina picha za mtu ananyoosha miguu, karatasi hiyo hiyo wanayompa mwenye mgongo, nikapandishwa baiskeli ya mazoezi, nikaambiwa rudi wiki ijayo. Hapa jamaa alianza na kipimo cha Berg, kina vitu 14, kila kimoja alama 0 mpaka 4, kwaiyo ukifaulu vyote una 56. Ni vitu vya kawaida kabisa, kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kuokota ndala chini, kugeuka mzunguko mzima, kupandisha miguu kwenye kistuli kwa zamu, kusimama mguu mmoja. Unaviona vya kitoto mpaka ufike cha kumi na ngapi huko. Afu akaniweka kwenye kiti, inuka, tembea mita 3, geuka, rudi, kaa, huku saa inahesabu. Mimi kutembea sikuwa na tatizo, sekunde zangu zote zilikuwa zinaliwa kwenye kugeuka, na aliliona hilo kabla sijamwambia.

Ila kipimo kilichonifungua akili ni cha sponji. Unasimama kwa namna nne, sekunde 30 kila moja: sakafuni macho wazi, sakafuni macho yamefumbwa, juu ya sponji macho wazi, juu ya sponji macho yamefumbwa. Anakaa nyuma yako mikono iko sentimita chache na mgongo wako, kiunoni amekufunga mkanda mpana wa kukushikia. Ya kwanza nilisimama vizuri. Ya pili nikaanza kuyumba. Ya nne sikumaliza hata kuvuta pumzi ya pili, akanidaka.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Mwili unajua uko wima kwa kusikiliza sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Sasa neva zinazotoka unyayoni mpaka kwenye ubongo ndo njia ndefu kuliko zote, na kwetu sisi ndo inayochakaa vibaya, kwaiyo taarifa ya unyayo inafika kama ile meseji ya muamala inayoingia ukiwa umeshatoka dukani. Mwili ukishajua hivo unahamia kwenye macho, unayategemea kwa kila kitu bila wewe kujua. Na mimi hapo hapo nikakumbuka kuwa mara zote nilizoanguka nyumbani ilikuwa usiku, au nanawa uso nimefumba macho kwa ajili ya sabuni, au umeme umekatika. Tanesco wakichukua chao na mimi nakwenda chini. Nilikuwa nadhani ni bahati mbaya.

Sasa ukishajua ni sehemu ipi imelala ndo unajua zoezi gani linakufaa, na hii ndo tofauti ya huyu fizio na wale wa karatasi. Kuna mama mmoja pale tunaanza naye saa moja asubuhi, yeye sponji hana shida nayo kabisa, shida yake ni kichwa, akigeuza shingo haraka dunia inazunguka, kwaiyo mazoezi yake ni tofauti na yangu ingawa ugonjwa ni mmoja. Yeye anabandikiwa herufi ukutani, anaikodolea macho huku anatikisa kichwa kulia kushoto, afu juu chini, herufi isicheze. Inachosha kuliko unavyodhani, nililijaribu nikatoka jasho nimekaa kwenye kiti.

Na hayo ya macho sio ya kubuni pale Mikocheni. Chuo kikuu cha Colorado kule Marekani walifanya utafiti, ukachapishwa 2018 kwenye jarida la Neurology, watu 88 wenye MS, nusu wakafanyishwa mazoezi ya balansi pamoja na ya macho, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, afu mara moja kwa wiki kwa wiki 8 zaidi, na nyumbani wanaendelea wenyewe. Balansi yao ilipanda kuliko wasiofanya, na uchovu na kizunguzungu vikapungua pia. Hilo la uchovu kwangu ndo kubwa, mana watu wa MS tunajua uchovu wetu haufanani na wa mtu aliyebeba zege, unaamka nao. Waswidi nao wana mpango wao wa kundi, wiki 7, mara mbili kwa wiki, saa nzima, unachanganya mambo matatu: kukaza kiwiliwili, kufanya vitu viwili kwa wakati mmoja, na hayo ya kuchezea milango ya fahamu kama sponji na kufumba macho. Matokeo waliyatoa 2017, balansi ilipanda na kuanguka kukapungua. Fizio wetu anachofanya kwa sehemu kubwa ni huo mchanganyiko, kauvalisha kanga tu.

Kipindi kinavyoenda. Dakika 45. Tano za kwanza kukaza tumbo na makalio, umelala kwenye mkeka, unanyanyua kiuno, unashikilia, au unapiga magoti na mikono chini unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Hii wengi hawaipendi wanaona wamekuja kwa ajili ya miguu wanalazwa, ila kiwiliwili kikiwa kimelegea miguu inafanya kazi ya watu wawili. Afu vifundo vya miguu, kupanda kwa vidole na kushuka taratibu umeshika ukuta, kunyanyua vidole kisigino kibaki chini. Kile cha vidole ni muhimu kwa wale ambao mguu unaburuta, unajikwaa kwenye tofali moja lililonyanyuka kidogo, na barabara zetu za pembeni mnazijua.

Baada ya hapo ndo sponji na kutembea. Mguu mbele ya mguu kwenye mstari wa tepu, kutembea kinyumenyume, kutembea huku unageuza kichwa, kupita kwenye vizuizi. Ukizoea anaongeza kimoja tu, hafungulii vyote kwa pamoja. Mara anakupunguzia mwanga. Mara anakusukuma bega kidogo bila kukwambia, lengo mguu ujifunze kupiga hatua wenyewe kabla hujafikiria. Siku ya kwanza alivyonisukuma nilimgeukia nikamwambia kaka vipi, akacheka, akasema "Dada, daladala haikwambii kama inafunga breki."

Kipande ninachokipenda ni cha vitu viwili kwa wakati mmoja. Nje huko wanawahesabisha watu kurudi nyuma kwa saba saba, mi hiyo hata nimekaa siiwezi. Yeye anakwambia tembea kwenye mstari huku unataja vituo vya mwendokasi kutoka Kimara kwenda mjini, Kimara, Korogwe, Bucha, Baruti, na ukishaweza unarudi kinyume. Wa Gongo la Mboto wakalalamika kwamba ni upendeleo, wakapewa vyakula vya shughuli. Unaona kabisa mtu anatembea vizuri, anafika Magomeni anasahau kituo, na mguu unapinda hapo hapo. Ubongo ukigawanywa balansi inaachiwa, na maisha yenyewe ndo yalivyo, hakuna anayetembea Kariakoo akifikiria miguu yake, unafikiria bei na unalinda pochi.

Siku ya kundi kuna yule mama niliyemtaja, mtu wa Tanga, umri wa mama yangu, na kila akiambiwa aweke fimbo pembeni yanatokea mazungumzo.

"Mama, fimbo iache hapo kwenye kiti, mi niko nawe."

"Mwanangu, nikianguka utanibeba?"

"Nitakubeba mama, ndo nalipwa kwa hiyo."

"Haya, na shikamoo hujanipa leo, labda ndo maana miguu inagoma."

Anapewa shikamoo yake, anaweka fimbo. Nalitaja hili kwa sababu nimeona fizio wengine wanaongea na wagonjwa wazima kama watoto wa chekechea, hapa hamna hiyo.

Tuje kwenye joto, hapa ndo nawapa alama nyingi na hapo hapo nawakata. Mwenye MS na joto hawaivi. Kuna daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hili tangu 1890, wagonjwa wake walikuwa wanafanya mazoezi mwili unapata moto na macho yanafifia, wakipoa yanarudi. Neva iliyochubuka ikipata joto inapitisha taarifa vibaya zaidi. Haikuumizi upya, ikipoa unarudi ulivyokuwa, lakini dakika zile unaweza kudhani umepata shambulio jipya. Ni moja ya sababu miaka ya nyuma madaktari walikuwa wanawakataza watu wa MS mazoezi kabisa, mpaka tafiti kama ile ya chuo kikuu cha Utah ya 1996, wiki 15 za mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, zikaonyesha watu wanapata nguvu na hawaharibiki. Sasa weka hiyo habari ndani ya Dar mwezi wa pili. Pale kliniki wana AC mbili, wanaweka vipindi vya watu wa MS saa moja na saa mbili asubuhi kabla jua halijakaza, wana jagi la maji ya barafu na vitaulo vya kulowesha unaweka shingoni, katikati ya zoezi anakukalisha dakika mbili hata kama unajiona uko fiti. Hayo yote safi sana. Tatizo AC moja ilikufa kipindi cha joto kali na waliiacha ikafa wiki nyingi, majibu yakawa fundi anakuja, fundi anakuja, na kwa mgonjwa mwingine hiyo ni usumbufu tu ila kwa sisi ina maana kipindi ulicholipia hukifanyi. Kuna siku nililipa nikakaa chini ya feni nikaondoka. Hela haikurudi wala kipindi hakikuhamishwa, mpaka nilivyoongea ndo nikapewa kingine.

Na ghorofa. Jamani. Kliniki ya watu wasio na balansi mmeiweka ghorofani, ngazi za tailizi zinazoteleza, reli ya kushika upande mmoja tu, na lifti hamna. Kupanda una reli kulia, kushuka una reli kushoto, na kama mkono wako wa kushoto ndo dhaifu basi utajua mwenyewe. Mlinzi wa pale ni mtu mwema anasaidia kila mtu, ila mlinzi sio reli. Nimewaambia, wakasema jengo sio lao. Reli ya bomba haizidi kazi ya siku moja ya fundi wa kuchomelea, mwenye jengo hatakataa.

Bei: elfu 40 kwa kipindi cha peke yako, elfu 20 ukiwa kwenye kundi, na tathmini ya kwanza ni zaidi ya hapo ila inachukua saa nzima na nusu. Bima yangu ililipa vipindi vichache mwanzoni ikagoma, ikasema ugonjwa ni wa kudumu, nikabaki najiuliza kwani wa kudumu ndo hauna haja ya fizio. Kwaiyo nikahamia kundi na sioni kama nimepoteza, kundi linaishia watu sita na ana msaidizi. Mchango wa kila mtu kucheka mwenzake akisahau Baruti nao una faida.

Sasa vile vifaa vya kwenye tangazo nivipitie haraka. Ubao wa kuyumba, wa mbao una mpira chini: kwa mwenye kifundo kilichoteguka unafaa, kwa wengi wetu ni mgumu mno mapema mno, anautumia kwa watu wawili tu nilioona. Mto wa hewa wa duara wenye vipele: huo mzuri, unaweza hata kuukalia kwenye kiti cha ofisini unakaza tumbo bila mtu kujua. Skrini na ule ubao wa Nintendo unaopanda kwa miguu, ule uliotoka 2007 na gemu zake za mazoezi: ni raha, Waswidi na Waitalia wameujaribu kwa watu wa MS na kuna faida waliyoiona kwenye balansi, na vijana wanaupenda, ila unautazama skrini muda wote, na kwa mtu kama mimi ambaye tatizo langu ni kung'ang'ania macho naona haunigusi panapouma. Fizio alikubaliana nami, akasema uko pale kwa ajili ya wanaochoka kurudia rudia. Mipira mikubwa: mapambo, nusu haina upepo.

Sponji wanayotumia ni ile ya Airex ya Uswisi, sentimita 50 kwa 41 unene 6, imejaa vizuri, haidumbukii, maji hayaingii. Nzuri, sina neno. Ila kwa nyumbani usijitese kuagiza. Nenda Keko kwa mafundi wa sofa, mwambie akukatie kipande cha sponji ngumu ya kukalia, sio ile laini ya mto, inchi mbili mpaka tatu, upana miguu yako yote ikae na nafasi ibaki. Ukikanyaga isishuke mpaka ugonge chini, ikishuka ni laini mno, mrudishie. Mi changu ndo natumia mpaka leo, nimekishonea foronya ya khanga ila chini nimeweka ile raba ya kuzuia zulia lisiteleze, mana sponji juu ya tailizi bila kitu ni ajali nyingine mpya.

Nyumbani anakupa mazoezi manne, sio zaidi, anakurekodi kwa simu yako mwenyewe ukiyafanya vizuri ili ukisahau ujitazame wewe. Hii akili nimeipenda, video za mtandaoni unamwona mzungu mwembamba anasimama mguu mmoja ufukweni na wewe umeshika friji. Masharti yake ni kwamba unasimama kwenye kona ya kuta mbili mgongo ukiwa ndani, mbele una kiti kizito, sio kile cha plastiki, na kufumba macho ukiwa peke yako ni marufuku mpaka aseme. Akakagua na mavazi: dera refu linaloburuta likunjwe au lifungwe, ndala zilizolika zitupwe, usiku taa ndogo ya kuchaji iwashwe njia ya chooni muda wote. Kwa anayeswali, akatumia udhu kuwa zoezi, kuosha mguu umesimama mmoja na mkono ukutani, na siku mbaya unakaa kwenye kigoda na hakuna aliyekulaumu. Mimi hilo lilinifaa kuliko ya kwenye mkeka kwa sababu sikumbuki mazoezi ila swala nakumbuka.

Kuhusu bahari watu wananiuliza sana. Maji yanakubeba na yanapoza, ukianguka huumii, kwaiyo kweli yanafaa, ila bahari yetu kipindi cha joto inakaribia nyuzi 29 au 30 na hapo haipozi tena, kipupwe hiki iko kama 25, 26, ndo wakati wake. Asubuhi maji yakiwa yametulia, usawa wa kiunoni, na mtu pembeni. Mawimbi madogo yanakufanyia kazi ile ile ya kusukumwa bega. Mchanga mkavu wa juu sio wa kuanzia, unachosha mguu haraka.

Nimepata nini mpaka sasa. Kugeuka kumebadilika sana, nageuka kwa hatua ndogo ndogo bila kufikiria, zamani nilikuwa nazungusha kiwiliwili miguu inabaki. Sponji macho yamefumbwa namaliza sekunde 30 siku nyingi, sio zote. Nanawa uso bila kushika sinki. Kuanguka nyumbani kumepungua hadi dada yangu ameacha kunipigia simu kila umeme ukikatika. Ambacho hakijabadilika: Kariakoo bado naenda na fimbo na sioni haya, kuna siku mguu wa kushoto unagoma tangu asubuhi na hakuna zoezi litakaloubembeleza, na ganzi ya vidole iko pale pale. Fizio haijawahi kuniambia itaponya MS, na kliniki yoyote itakayokwambia hivo toka mbio, au kwa mwendo wowote ulionao. Dawa za kuzuia mashambulizi ni habari nyingine ya daktari wa neva, hii ni ya kuufundisha mwili kuishi na kilichobaki.

Nani asiende: ukiwa kwenye shambulio jipya, dalili mpya zimeingia zinazidi siku nzima na huna homa wala hujapigwa jua, hiyo ni ya daktari kwanza, balansi itasubiri. Mwenye hali nzito asiyeweza kusimama bila watu wawili, zile ngazi hapana, waite wakufuate nyumbani, wanafanya kwa bei ya juu kidogo na mafuta juu yako. Na kama una hela ya vipindi viwili tu kwa sasa, usiende viwili wiki moja ukaishiwa. Nenda cha tathmini, chukua mazoezi manne, fanya mwenyewe kila siku kidogo kidogo, rudi baada ya mwezi na nusu akupandishie. Hivyo ndo alivyomfanyia kijana mmoja wa Morogoro na anaenda vizuri tu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Reli ikiwekwa nitarekebisha.

Kwa wanaotaka kwenda: vaa raba nyepesi soli nyembamba sio zile za mnofu mwingi chini, beba maji yako ya baridi, kunywa chai kabla mana kipindi cha saa moja asubuhi na tumbo tupu utaishia kwenye benchi, na orodha ya dawa unazotumia atakuuliza, kuna dawa za kulegeza misuli zinazokulegeza na wewe. Kundi ni Jumamosi. Ukichelewa dakika kumi nafasi anapewa aliyeko kwenye orodha ya kusubiri, na foleni ya Bagamoyo Road sio sababu wanayoikubali.